Muulize Mwalimu: Ni "a" au "an"?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha Kiingereza darasa la sita. Kitabu tunachotumia kinasema "an" hutangulia neno linaloanza na a, e, i, o au u. Juzi mwanafunzi ameniletea kipande cha gazeti la Kiingereza chenye "a university" na "an MP" katika habari moja, akaniuliza nani kakosea, kitabu au gazeti. Nimjibu nini?
Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Gazeti liko sahihi mara zote mbili, na huyo mwanafunzi mpongeze mbele ya wenzake, maana amesoma kwa makini. Kanuni ya kitabu chenu ina kasoro. Kinachoamua ni sauti ya kwanza inayotoka mdomoni. Ikiwa irabu, tumia "an". Ikiwa konsonanti, tumia "a". Herufi iliyoandikwa haina kauli hapo.

Taabu ni kwamba Kiingereza hakiandikwi kinavyotamkwa. Sisi tuna bahati, kwa sababu tahajia ya Kiswahili inafuata sauti. Basi mwambie mtoto aliandike neno la Kiingereza kwa tahajia yetu, kama anavyolisikia, kisha aangalie linaanzaje. "University" atapata yunivesiti, inaanza na y, kwa hiyo "a university". "European" vilevile, yuropiani. "One" itakuwa wan, ndiyo maana tunaandika "a one-way street". "Hour" itakuwa awa, basi "an hour". Na eksirei tumeshaiandika wenyewe siku nyingi: inaanza na e, ndiyo sababu ya "an X-ray", ingawa x haimo kabisa katika orodha ya kitabu chenu.

Vifupisho ndivyo vinavyowagombanisha hata watu wazima maofisini. MP husomwa em-pii, hivyo "an MP". Kwa njia hiyohiyo utaandika "an NGO", "an SMS", "an M-Pesa agent", lakini "a UN official", kwa kuwa tunaanza na yu. Kifupisho kinachosomwa kama neno zima hufuata neno hilo: NECTA tunaisoma nekta, kwa hiyo "a NECTA examiner". Tarakimu nazo ni hivyohivyo. Msichana wa miaka 10 ni "a 10-year-old girl", wa miaka 8 au 18 ni "an".

Tafadhali usiwafiche watoto sababu. Waache watamke "a egg" kwa haraka, wasikie irabu mbili zinavyogongana na koo linavyokatika katikati. Kisha watamke "an egg", n ipite ulaini. Halafu waandikie ubaoni mkono na mwaka, mtoto na mwalimu. Kiambishi ni kilekile, ila mbele ya irabu kinakuwa mw-. Hakuna mtoto aliyekaririshwa hilo. Ulimi wake umelijua kabla hajaanza shule. Akiliona hilo, Kiingereza kinaacha kuwa amri ya kitabu tu.

Na ulimi una nguvu kweli. Zamani Kiingereza kilikuwa na "an" tu, iliyotokana na neno la "moja", kisha n ikadondoka mbele ya konsonanti. Katika kuhangaika huko, hata mipaka ya maneno ikasogea: aproni tunayovaa jikoni iliitwa "a napron", watu wakasikia "an apron", na n haikurudi tena mahali pake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni h. Wengi wetu tunaitamka katika "hour" na "honest", na hapo sikio linatupotosha. Katika "hour", "honest", "honour", "heir" na maneno yaliyozaliwa nayo, h ni bubu. Haya wakariri tu, hakuna njia ya mkato. "Herb" Waingereza huitamkia h, wakaandika "a herb". Wamarekani wengi huiacha, wakaandika "an herb". Kuhusu "an historic", bado utaikuta kwa baadhi ya waandishi, lakini darasani fundisha "a historic".

La pili ndilo linalowaibia watoto alama kwenye maswali ya kujaza nafasi. Angalia neno linalofuata papo hapo, hata kama si nomino. "An umbrella", lakini "a big umbrella". "A university", lakini "an old university". "An hour", lakini "a full hour". Mtoto huona "umbrella" kwa mbali, akaandika "an" bila kusoma kilicho katikati. Wafundishe kuisoma sentensi yote kwa sauti kabla ya kushika kalamu.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwalimu wetu hutamka "the" kwa namna mbili. Je, ni lafudhi yake tu?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anatamka vizuri, mwige. Maandishi ya "the" hayabadiliki, lakini matamshi yake yanafuata kanuni hiyohiyo ya hapo juu. Mbele ya konsonanti ni dha, fupi na nyepesi: "the mango", "the university". Mbele ya irabu ni dhi: "the egg", "the hour". Dh yenyewe ni ile ya dhahabu, usiigeuze kuwa z. Jizoeze kwa sentensi hii, "The honest man waited an hour at the union office", ukianza na dhi na kumalizia na dha.