Wafalme Wanne Walioniponyoka: Ushauri kwa Wanaocheza Fuata Malkia

Jumamosi iliyopita nilishindwa vibaya kwenye karata, na mpaka leo halijanitoka moyoni. Sikushindwa na mchezaji hodari kuniliko. Nilishindwa kwa sababu nilisahau kitu nilichowahi kuwafundisha wengine kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulikuwa watano, tukicheza poka ya Fuata Malkia. Kwa asiyeijua: ni poka ya karata saba. Kila mmoja anapewa mbili zilizofunikwa, nne za wazi, kisha ya mwisho iliyofunikwa, na unachagua tano zilizo bora. Dau huwekwa mara tano, kuanzia karata ya tatu. Malkia wote ni jokeri, yaani wanasimama badala ya karata yoyote. Halafu ndio utamu wenyewe: malkia akiangukia wazi, karata ya wazi inayogawiwa baada yake nayo inakuwa jokeri, pamoja na zote za namba hiyo. Akitokea malkia mwingine wazi, jokeri ya zamani inavuliwa cheo na mpya inashika nafasi yake.

Sasa nisikilizeni. Karata ya kwanza ya wazi, mchezaji aliye kabla yangu akapata malkia. Mimi nikafuata, nikapata saba. Saba zote zikawa jokeri, na chini nilikuwa nimeficha saba nyingine na mfalme! Mzunguko uliofuata nikapewa mfalme wa pili. Hesabu mwenyewe: jokeri mbili, wafalme wawili. Wafalme wanne mkononi, na mchezo haujafika hata nusu.

Nikapandisha dau. Karata ya wazi ya tatu ikaja, nne isiyo na maana, nikapandisha tena. Hakuna aliyetupa karata zake, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Ukaja mzunguko wa mwisho wa karata za wazi. Nikapata tisa. Jirani yangu akapata malkia. Aliyemfuata akapata tano.

Basi. Saba zangu zikarudi kuwa saba za kawaida. Nilibaki na jozi mbili, wafalme na saba, na karata ya mwisho haikuniokoa. Yule aliyepata tano alikuwa ameficha tano nyingine na kumi, na kumi ya pili ilikuwa wazi mbele yake. Kumi nne. Akazoa kete zote, na akaniambia, "Mimi nilikuwa namsubiri malkia tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kete zenyewe, maana yalikuwa kweli.

Usiku nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningeifanya mezani. Kabla ya mzunguko ule nilikuwa nimeona karata 17: 15 za wazi na mbili zangu. Zilibaki 35 nisizoziona, na ndani yake malkia watatu. Katika karata tano zilizokuwa zinakuja, uwezekano wa kumwona walau malkia mmoja ulikuwa kama 38 kwa 100. Nani mwenye akili timamu anaweka kete zake zote juu ya paa linaloweza kuezuliwa hivyo?

Kwa hiyo, ndugu zangu, hesabuni malkia. Kabla ya kupandisha dau, jiulize: wameonekana wangapi? Usipojua jibu, usipandishe. Na ukijiona una karata nzuri sana mapema, jiulize zinasimama juu ya nini. Jozi ya kumi uliyoipata kihalali ni yako mpaka mwisho. Jokeri iliyoletwa na malkia umeazimwa. Vijana wengi mnakimbilia jokeri kama nilivyokimbilia mimi, mkiambiwa mnasema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya, ni kutokuhesabu.

Jozi mbili nazo msizitegemee. Ukiwa na jokeri na jozi, tayari una tatu za namba moja, kwa hiyo mwenye jokeri hana haja ya kubaki na jozi mbili. Mezani kukiwa na jokeri, jozi mbili maana yake ni kwamba wewe huna. Nilijua hilo, nikaendelea kulipa hadi mwisho kwa kiburi.

Jambo jingine, mpatane kabla ya kuchanga karata. Malkia akiwa karata ya wazi ya mwisho kabisa, hana wa kumfuata: sisi husema hapo malkia peke yao ndio jokeri, wengine wana utaratibu wao. Malkia aliyefunikwa habadilishi chochote. Na tano za namba moja zinashinda kila kitu. Msizidi saba mezani, kwa sababu wanane wangehitaji karata 56 na pakiti ina 52.

Narudia la malkia, kwa kuwa ndilo lililonigharimu. Wako wanne tu. Hesabu walio wazi, jumlisha na uliyemficha mwenyewe. Wakitimia wanne, na karata ya kumfuata wa mwisho imeshafunuliwa, jokeri haiwezi kubadilika tena. Hapo ndipo pa kupandisha dau.