Mtandao wa Kasi Utatufikia Lini?

SWALI: Mhariri, 5G, mtandao wa simu wa kizazi cha tano, ilizinduliwa Kampala mwaka 2023, ilhali sisi wa Kaabong, kaskazini-mashariki mwa Uganda, hulazimika kupanda kilimani ili kutuma picha moja ya mnada wa ng'ombe. Tungoje hadi lini?

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yako ni ya haki. Masafa ya juu ya 5G, yaani mawimbi ya redio yanayosafirisha mtandao, hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, hivyo kampuni huanza mijini, ambako wateja wamesongamana. Kwenu, ambako manyata zimetawanyika, mnara mmoja huhudumia wachache, na mara nyingi hutegemea umeme wa jua au jenereta. Kwa maoni yangu, daini kwanza 4G, kizazi kilichotangulia 5G, ya masafa ya chini, ambayo hufika mbali zaidi. Iandikieni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, yenye mfuko wa kufikisha huduma vijijini, mkitaja kila kijiji kisicho na mtandao.