Ulimtia Rafiki Yako Hofu ya Chanjo? Kufuta Posti Hakutoshi

Wiki iliyopita kuna kijana kaniandikia inboksi. Anasema ndiye aliyemwaminisha dada yake kwamba chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafunga mabinti uzazi. Sasa haamini tena. Anauliza: afute tu vile alivyokuwa anarusha, akae kimya?

Hapana, mdogo wangu. Ukifuta umejisafisha wewe. Dada yako hata hatajua kama umefuta.

Naongea hivi kwa sababu mwaka 2021 mimi nilikuwa malkia wa hayo mambo. Nina duka la dawa muhimu, na mtaani kwetu ukisimama nyuma ya kaunta na koti jeupe, tayari wewe ni dokta. Wananiita hivyo hadi leo na sijawahi kumkatalia mtu. Jina lenyewe nalipenda. Halafu Mungu kanijalia mdomo. Voisi noti zangu zilikuwa zinazunguka hadi shangazi yangu wa mkoani ananitumia mimi mwenyewe, "sikiliza huyu dada anavyochambua."

Na msinione mjinga. Takwimu za corona ziliacha kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, zikaganda kwenye wagonjwa 509. Mei, Rais Magufuli akatuambia sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na virusi. Januari 2021, akiwa Chato, akasema chanjo hazifai. Sisi tukapiga nyungu. Julai mwaka huohuo zikashushwa dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Ndani ya miezi sita mtu akae upande gani? Watu walikuwa na maswali ya haki kabisa, mimi nikawapa majibu ya uongo, tena kwa kujiamini.

Nilirusha ile ya Luc Montagnier, Mfaransa aliyepata Nobeli, eti kasema kila aliyechanjwa atakufa ndani ya miaka miwili. Hakusema hivyo. Nilirusha na ile video ya balbu inayowaka begani kwa mtu aliyechanjwa, ushahidi kwamba ana chipu.

Shosti wangu ana kisukari. Alishajiandaa kwenda kuchanja, akapita dukani kuniuliza: "Dokta, niende?" Nikamwambia ukienda mimi simo. Hakwenda. Baadaye aliugua vibaya, akalazwa, akawekewa oksijeni. Akapona. Mnaweza kudhani hapo ndipo alipozinduka. Thubutu! Alitoka wodini anatamba, "Si umeona? Nimepona bila sindano yao."

Mimi nilizinduliwa na fundi umeme. Alikuja kununua dawa ya kikohozi, akanikuta naonyesha wateja ile video. Akacheka, akatoa mkobani balbu ya kuchaji, zile za kuwaka umeme ukikatika, akaigusisha mkononi kwake. Ikawaka. Hajachanja hata siku moja. Kumbe ina betri ndani, ikigusa kitu chenye unyevu chini pale, mkondo unapita. Tukaijaribu kwenye kipande cha papai. Ikawaka vilevile. (Papai tena! Tunda hili limeonewa sana nchi hii.)

Basi nikafuta kila kitu. Nikaenda kuchanja kituo cha mbali ili wateja wasinione, nikarudi kuuza panadol kama kawaida. Nilijiona nimemaliza.

Mwaka 2024 ikaja kampeni ya chanjo ya HPV, vile virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, dozi moja badala ya mbili. Siku ya zamu ya shule yao, shosti akamficha binti yake nyumbani. Sasa hapo ndipo roho iliniuma, maana kuhusu chanjo hiyo sikuwahi kutamka neno. Nilimsemea corona tu, mashaka yakahamia yenyewe kwenye ugonjwa mwingine. Na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na aina mbili za virusi ambavyo chanjo inavizuia ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya wagonjwa.

Nikamfuata. Akanisikiliza, akaniuliza, "Wamekupa shilingi ngapi?" Kisha akaanza kunijibu kwa maneno yangu mwenyewe ya 2021, na vituo vyangu vyote. Jambo hilo bado linaniuma, sitawaficha. Bado naenda.

Kwa hiyo, wewe kijana na wengine mliowahi kuwa kama mimi: nendeni wenyewe. Usitume linki, ulimpata kwa sauti yako, mrudie kwa sauti yako. Mtajie jambo lenyewe, "lile la balbu nililokutumia ni uongo, na nimejua hivi." Ukisema tu "nilikuwa nimekosea mengi" hujasema kitu. Akikutukana, nyamaza, rudi wiki ijayo. Usimwite mjinga, uliyemfundisha ni wewe. Tulikuwa wepesi wa kurusha ujumbe kwa watu mia usiku mmoja, leo tunaona uzito kumpigia mmoja simu? Tuache uvivu. Tuache na hii aibu ya kujifanya hatukuwepo.

Uliuliza pia kama mtoto wa dada, mwenye miaka 13, ameshapitwa kwa kuwa kampeni iliisha. Hajapitwa, chanjo hiyo iko kwenye ratiba ya kawaida na hailipiwi. Mpelekeni kituo cha afya kabla hajatimiza 15. Nauli utoe wewe.