Simu Haijui Yai Lako Limepevuka Lini

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, simu ilinionyesha niko siku salama, mbona kipimo kimetoa mistari miwili?" Nimeumia, maana ujumbe wa aina hii napokea mara kwa mara. Nikamuuliza kwenye hiyo programu huwa anajaza nini. Akajibu: tarehe ya kuanza hedhi, basi.

Shoga yangu, hiyo ni kalenda tu. Simu inachukua miezi iliyopita, inapiga wastani, inakisia. Mwezi ambao umefiwa, umesafiri au umelala na malaria, yai linaweza kuchelewa, na simu haina habari. Mbegu za mwanaume huweza kuishi mwilini mwako hadi siku 5, wakati yai halipiti saa 24. Kwa hiyo siku za hatari ni kama 6 hivi, na kazi yote iko kwenye kujua zinaanza lini.

Mimi nilifika kwenye njia hii ya kuusoma mwili baada ya kijiti cha uzazi wa mpango. Kilinitoa damu bila mpangilio, nikaamua kikatolewe. Muuguzi akanisema mbele za watu: "Haya, mwakani tutakuona kliniki ya wajawazito." Hakuniona. Maneno yale bado yananichoma, lakini wanangu wamepishana kwa miaka tuliyoipanga mimi na mume wangu, na wifi yangu aliyekuwa akiniita mjinga wa intaneti sasa ananiuliza kipimajoto nilinunua wapi.

Nilinunua chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo sana, nyuzi 0.2 hadi 0.5, na kipimajoto cha homa kinaweza kukupotosha. Nakilaza chini ya mto. Alfajiri, kabla sijafunua chandarua, kabla sijamjibu anayelilia uji, kiko chini ya ulimi. 36.41. 36.38. 36.44. Siku ikisoma 36.70 sishangilii. Nasubiri asubuhi tatu mfululizo zikae juu.

Joto lakini linakuambia yai limeshatoka, halikuonyi kabla. Kinachoonya ni ute wa ukeni. Ukiona umekuwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, hata simu ionyeshe kijani kibichi, yaani siku salama, jibu ni hapana, au ni kondomu.

Na baba watoto lazima awemo. Wangu ndiye anayeingiza namba kwenye simu kila asubuhi. Mwanaume asiyetaka kusikia habari ya kujizuia wala kondomu, dada, usijidanganye kwamba programu itakulinda naye. Chagua njia nyingine, wala si dhambi.

Programu nazo hazilingani. Natural Cycles, inayotumia joto, iliruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2018 kama njia ya kuzuia mimba, na hata hiyo kwa matumizi ya kawaida wanawake wapatao 7 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Nyingi za bure zimetengenezwa kukumbusha hedhi tu, na baadhi zinaandika wazi kuwa si za uzazi wa mpango. Soma maelezo yale marefu mnayoyaruka! Tumezoea kuamini kila kinachong'aa kwenye kioo cha simu, huku miili yetu wenyewe tunaionea aibu kuitazama. Tuache. Mfundisheni na binti zenu.

Unayenyonyesha, unayetoka kuacha sindano, ambaye mzunguko wako unarukaruka, au unayefanya kazi zamu za usiku: usianze peke yako. Tafuta mtoa huduma wa uzazi wa mpango anayeijua njia hii, na miezi ya mwanzo endelea na kondomu huku ukijifunza. Kondomu hiyo hiyo ndiyo itakayokukinga na VVU, kwa sababu chati ya joto haikingi.

Na wewe uliyeniandikia, kesho asubuhi nenda kliniki. Nimekujibu faraghani, soma.