Kofia Inalala Upande? Angalia Msokoto

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ametuma picha ya kofia aliyoifuma kwa sufu aliyoisokota mwenyewe. Kazi safi, ila safu za vitanzi zinapanda mshazari kama zinazunguka mnara. Anauliza alikosea wapi kuhesabu. Hesabu ni sawa, dada. Kosa limo ndani ya uzi.

Uzi uliosokotwa upande mmoja tu hutaka kujifungua. Ukiufuma hivyo, kila kitanzi kinajigeuza kidogo na kofia nzima inalala. Wasokota kamba za usumba wa nazi hawana tatizo hili: nyuzi zikienda kulia, kuziunganisha ni kushoto, na kamba inatulia. Nawe sokota nyuzi mbili kulia, kisha ziunganishe ziwe uzi mmoja kwa kuzungusha kijiti cha kusokotea kushoto. Kabla ya kufuma, chovya kipande cha nusu mita majini (uzi uliolala kwenye kijiti usiku kucha huficha msokoto wake), kishike ncha mbili pamoja, kiache kining'inie. Kikibaki wazi, anza kufuma. Kikijisokota kwenda kushoto, uunganishaji haujatosha. Kikienda kulia, umezidisha.

Uzi wote uoshe kabla ya kufuma: dakika 20 kwenye maji vuguvugu, bila kusugua. Maji ya moto pamoja na kusugua huigandisha sufu kama zulia, na hapo hakuna dawa. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando wa sabuni, kwa hiyo tafuta ya bomba au ya mvua. Kamua ndani ya taulo, anika kivulini. Wengine huning'iniza jiwe ili uzi unyooke. Unanyooka kweli, mpaka siku kofia itakapofuliwa na kupinda upya. Usijidanganye kwa jiwe.

Kuhusu unene usiolingana, watu wanajitesa bure. Mabonde na milima midogo ndiyo inayokipa kitambaa cha uzi wa mkono uhai ambao uzi wa dukani hauna. Atakaye mstari ulionyooka akanunue wa kiwandani. Cha kufanya ni kutumia mabonge mawili kwa zamu, kila baada ya safu mbili, ili sehemu nene isikusanyike mahali pamoja. Kupata saizi ya sindano, zungushia uzi kwenye rula bila kuuvuta: mizunguko 12 katika sentimita 2.5, anzia sindano ya milimita 4. Mizunguko 9, anzia 5. Kisha fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukioshe, ndipo upime. Anayekiruka hufuma kofia mara mbili.

Sufu yenyewe usiitafute kwa kondoo wekundu wa Kimaasai wala Dorper, hao ni wa nyama. Uliza Corriedale, kondoo wa sufu, kutoka nyanda za juu, Molo au Kinangop. Merino ni laini zaidi lakini hugandamana upesi, si ya mtu anayeanza.

Ila kwa joto la Mombasa wakati wa kaskazi, nani atavaa sufu kichwani? Pamba inafaa zaidi, na inalimwa hapa hapa Pwani, Kilifi na Lamu. Nyuzinyuzi zake ni fupi, yapata sentimita 2.5, hivyo inadai msokoto mwingi na kijiti chepesi. Kijiti kizito kinachoning'inia hukata uzi. Ncha ya kijiti iegemeze ndani ya kifuu cha nazi. Ukimaliza, chemsha uzi saa moja na sabuni kidogo. Maji yatageuka rangi ya chai. Huo ni uchafu na nta vikitoka, usishtuke. Pamba haivutiki kama sufu, kwa hiyo kofia ifume ikibana kidogo.

Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Ule wa plastiki uliouficha tangu kabla ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 utakuletea ukungu.

Na hiyo kofia ya Kisauni? Kufua hakutainyoosha. Ifumue, uoshe uzi, ugawe mabonge mawili yaliyo sawa kwa uzito, uyaunganishe kushoto. Utapata nusu ya urefu na uzi mnene zaidi, kwa hiyo tumia sindano nene zaidi na upunguze vitanzi. Kama hutaki kuunganisha, fuma upya ukipishanisha kitanzi cha mbele na cha nyuma, na safu inayofuata uvigeuze. Mivuto inakinzana na mshazari haujitokezi.