Kabla hujaiuza Monochrom yako ya mwaka 2012

Kila toleo jipya la Leica Monochrom, kamera ya picha za nyeusi na nyeupe pekee, linapotoka, mwenye ile ya kwanza huanza kuulizwa anasubiri nini. Anayeanza kazi hii hupiga hesabu ya megapikseli, 18 za zamani kwa 60 za sasa, akaona jibu limepatikana. Hesabu hiyo ndiyo ya mwisho kufanywa. Uamuzi unaanzia kwenye kioo chembamba kinachofunika sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, unapitia kwenye fokasi na mwanga unaofanyia kazi, ndipo ufike kwenye ukubwa wa karatasi unayochapishia.

Matoleo yenyewe ni haya. M Monochrom ya 2012 ina sensa ya CCD, teknolojia ya zamani, ya megapikseli 18. Iliyofuata ni Typ 246 ya 2015, yenye sensa ya CMOS, teknolojia iliyochukua nafasi ya CCD, ya megapikseli 24, ya kwanza katika ukoo huu kuonyesha picha mubashara kwenye skrini kabla ya kupiga. Mwaka 2020 ikaja M10 Monochrom yenye megapikseli 40, na 2023 M11 Monochrom yenye 60. Zote zinafanya kazi kwa msingi mmoja. Kamera ya kawaida huwa na vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu juu ya pikseli zake, kisha programu inakisia rangi ambazo kila pikseli haikuziona. Kamera hizi hazina vichujio hivyo. Kila pikseli inapima mwanga tu, haikisii chochote, kwa hiyo vitu vidogo vinatoka vikali zaidi na mwanga unaoifikia sensa unaongezeka kwa takriban stopu moja, yaani mara mbili. Ndiyo maana 18 za hapa si 18 za kamera ya rangi, na anayezidharau kwa namba tu hajawahi kuzichapisha.

Turudi kwenye kioo. Sensa ya M Monochrom ya kwanza ni ndugu wa ile ya M9, kamera ya rangi ya Leica, na zote zilifunikwa kwa aina ya kioo ambacho unyevu hukila taratibu pale ambapo utando wake wa juu una dosari. Tatizo lilipojulikana, kiwanda kilibadilisha sensa bure kwa miaka kadhaa kwa kuweka zenye kioo cha aina nyingine. Mpango huo ulishafungwa, na sensa hizo za CCD zimekwisha. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: sensa yako ilibadilishwa au bado ni ile ya awali? Tafuta karatasi ya karakana ya kiwanda inayotaja kazi hiyo. Maneno ya muuzaji kwamba "ilishashughulikiwa" hayatoshi, kwa sababu kusafisha sensa nako ni kushughulikia.

Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 320, funga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), toa lenzi nje ya fokasi kabisa, kisha piga anga tupu au ukuta mweupe wenye mwanga sawasawa. Fungua faili kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, pandisha kontrasti sana, halafu upite kona hadi kona. Utakuta madoa, hakuna sensa isiyo na madoa. Kazi ni kuyatofautisha. Puliza sensa kwa bomba la mpira huku kamera imeelekezwa chini, upige tena. Vumbi litahama au litapotea. Mafuta ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, hubaki, lakini husafishika kwa kitambaa maalumu chenye dawa. Doa la kioo kilicholiwa lina kiini cheusi na pete ya weupe kuizunguka, halisogei hata ukisafisha mara tatu, na ukilinganisha na picha ya miezi sita iliyopita utakuta limekua au limepata majirani. Kwenye f/2.8 madoa hayo hufifia, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotegewa: picha za mfano zote zimepigwa lenzi ikiwa wazi. Dai ya f/16.

Ukikuta sensa ya awali na madoa yameanza, una njia tatu. Unaweza kupeleka kwa karakana binafsi inayobandua kioo kibovu na kuweka kipya juu ya sensa ile ile. Zipo Marekani, kazi inafanyika vizuri, ila kamera inasafiri na hatari ya kuharibu sensa ni yako. Unaweza kuendelea kuitumia kwa f/5.6 au lenzi ikiwa wazi zaidi na kufuta madoa machache kwenye programu. Au unahama. Hapa kuhama kuna sababu ya kweli, na usingoje, maana bei ya kuuzia inashuka kila doa linapoongezeka. Kwa aliye Mombasa, Tanga au Unguja jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa aliye Nairobi au Arusha. Hewa ya pwani ni ya maji. Hifadhi kamera kwenye sanduku la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vifuko vya silika, uvikaushe vinapobadilika rangi, na usiiache kwenye begi la ngozi wiki nzima, kwa sababu ngozi hutunza unyevu na kuzalisha kuvu kwenye lenzi pia.

Kama sensa ni nzima, tulia. Kinachofuata ni kujua picha zako zinashindwa wapi, na mara nyingi kosa analotupiwa sensa ni la fokasi. Kamera za M hutumia renjifainda: unaoanisha taswira mbili dirishani, na mkono mdogo wa chuma ndani ya mwili unasoma lenzi imezungushwa kiasi gani. Mkono huo hupotea kidogo kwa mtikisiko wa miaka. Simamisha kamera kwenye tripodi, laza rula kwa nyuzi 45, tia alama katikati, weka lenzi ya 50mm kwenye f/2 kwa umbali wa mita 1, na upige picha tano, kila moja ukianza upya kutoka alama ya mbali kabisa. Kisha piga mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja. Fokasi ikianguka nyuma au mbele ya alama kwa kiasi kile kile kwa lenzi zote, tatizo liko kwenye mwili. Ikiwa ni lenzi moja tu, peleka lenzi. Picha tano zikitawanyika ovyo, hapo ni jicho au mkono, na hakuna kamera mpya itakayotibu hilo isipokuwa yenye picha mubashara.

Zingatia kinachotokea ukihama bila kurekebisha hilo. Kwa 50mm, f/2 na mita 1, eneo ambalo ni kali kweli ukitazama pikseli moja moja lina kina cha sentimita 1 hivi kwenye megapikseli 18. Kwenye 60 linabaki kama milimita 6. Kosa ambalo kamera ya zamani ilikufichia litaanza kuonekana kwenye kila kope. Mkono nao ni hivyo hivyo. Kwa megapikseli 18, 1/60 na lenzi ya 50mm hutoka salama kwa mtu mtulivu. Kwa 40 na 60 anza na 1/125, na 1/250 ukitaka uhakika. Kamera za M hazina kituliza-mtikisiko. Wengi hununua megapikseli kisha huzirudisha zote kwa kutikisika.

Sasa mwanga. M Monochrom ya kwanza inaanzia ISO 320 na shata yake inaishia 1/4000. Kwenye jua la saa sita huwezi kufungua lenzi zaidi ya kama f/4.5; ukitaka kupiga f/1.4 kwenye jua hilo, utahitaji filta ya kijivu, inayopunguza mwanga, ya stopu tatu hadi nne. M11 Monochrom inaanzia ISO 125 na ina shata ya kielektroniki ya 1/16000, na hesabu inafika f/1.4 bila filta yoyote. Lakini shata hiyo husoma sensa mstari kwa mstari: gari linalopita litainama, na taa za umeme zinaweza kuacha michirizi. Upande wa giza, CCD inafika ISO 10000 kwenye menyu. Hadi 3200 chembe zake ni nzuri, wengine hata huzipenda. Juu ya hapo, ukivuta vivuli, mistari hujitokeza. Anayepiga harusi za usiku, muziki au mazishi ndani ya nyumba zenye taa moja, M10 Monochrom itambadilishia kazi, nayo inafika 100000. Anayepiga mitaa ya mchana na picha za watu karibu na dirisha hatapata kitu anachokikosa leo.

Linalomkosesha picha anayeanza si ISO, ni weupe uliochomwa. Kamera ya rangi ikichoma njia moja ya rangi, programu huazima kutoka kwa nyingine mbili. Hapa hakuna wa kumwazima. Kanzu nyeupe kwenye jua ikishafika ukingoni, mikunjo yake imekwenda, na kamera mpya zina tabia hiyo hiyo. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja, tazama histogramu, grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, ambayo kwenye toleo la 2012 inasoma data ghafi yenyewe, na uvute vivuli baadaye. Kwenye ISO 320 vinavutika stopu mbili hadi tatu bila aibu. Usitumie ile ISO 160 ya kuvutwa, iliyo chini ya 320 ya asili, ukidhani ni ubora zaidi; inakula weupe.

Na filta, vioo vya rangi vinavyofungwa mbele ya lenzi. Kwa kuwa hakuna rangi ya kuchezea baadaye, uamuzi wa filta unafanyika kabla ya kupiga. Ya njano inakula kama stopu moja, ya chungwa mbili, nyekundu tatu. Ya chungwa hutia giza anga la bluu na hung'arisha ngozi, ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ikiwemo, kwa sababu ngozi hurudisha nyekundu zaidi kuliko bluu. Ya kijani huipa ngozi uzito na kuonyesha makunyanzi. Kwa filta nyekundu fokasi ya renjifainda inaweza kusogea kidogo, hivyo funga hadi f/5.6 au utumie kamera yenye picha mubashara. Kama hujawahi kuwa na filta hata moja, nunua ya njano na ya chungwa kabla ya kufikiria mwili mpya. Ni sehemu ndogo sana ya bei, na tofauti inaonekana siku hiyo hiyo.

Kuhusu ukubwa wa chapisho, fanya hesabu na uiache. Kwa nukta 300 kwa inchi, faili la toleo la kwanza linatoa takriban sentimita 44 kwa 29, yaani A3 karibu kamili. Typ 246 inafika 50 kwa 33, M10 Monochrom 66 kwa 44, ambayo inazidi A2, na M11 Monochrom 80 kwa 53. Chapisho la ukutani hutazamwa kwa mbali, hivyo nukta 200 zinatosha na namba zote zinapanda mara moja na nusu. Mwenye kuweka picha kwenye simu hahitaji aya hii.

Mabishano ya CCD na CMOS yataendelea. Sehemu kubwa ya kinachoitwa sura ya CCD ni mkunjo wa toni, yaani jinsi giza na weupe vilivyopangwa, ambao faili linakuja nao, na mkunjo unarekebishika. Ukipata kamera ya CMOS ya kuazima, piga mandhari moja kwa lenzi moja kwa kamera zote mbili, sawazisha toni, chapisha A3 bila majina nyuma, umpe mtu mwingine achague. Ukiona hawezi, bakisha fedha zako.

Asiyefungwa na lenzi za M ana njia nyingine. Pentax K-3 Mark III Monochrome ya 2023 ina megapikseli 25 na ushei, fokasi ya kujiendesha na kituliza-mtikisiko ndani ya mwili, kwenye sensa ndogo ya APS-C. Q2 Monochrom ya 2020 ina lenzi moja ya 28mm isiyotoka na inalenga yenyewe. Kwa macho yanayochoka, kulenga kwenyewe ni sababu nzuri kuliko megapikseli zote.

Ukiamua kubaki, tumia kadi za SDHC zisizozidi GB 32, uzifomati ndani ya kamera, na usizime swichi taa ya kuandika ikiwa inawaka. Ikiganda, toa bamba la chini na betri, subiri dakika moja. Betri yake ni ile ya M8 na M9. Nunua mbili zenye chapa ya kiwanda kila zinapoonekana, kwa sababu za kuiga nyingi huonyesha chaji isiyokuwepo. Ukiamua kuhama, kumbuka betri hizo na chaja havitaingia kwenye toleo lolote linalofuata, na kila mwili mpya upimwe kwa rula ndani ya muda wa kurudisha, hata ukitoka kwenye boksi lililofungwa.