Mimba zikitoka mara mbili, mwanaume naye akapime damu

Mke wangu alipoteza mimba tatu ndani ya miaka minne, zote kabla ya miezi mitatu. Tulikuwa tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Kila mimba ilipotoka, ndugu zangu walikuja kutoka Mpwapwa kumpa pole yeye na kumhoji yeye: ulibeba ndoo? Ulitumia dawa gani usichanani? Mama alileta mizizi. Mimi sikuulizwa kitu, nami nikanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilijiona mzima. Nguvu ninazo, mimba inaingia, basi tatizo litakuwaje kwangu? Wanaume wengi tunachanganya nguvu za kiume na ubora wa mbegu, kumbe mtu anaweza kuwa na nguvu tele huku mbegu zake zina kasoro.

Nilianza na kipimo cha mbegu. Ukienda, kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga mbegu, na usipoteze tone la kwanza kwa sababu ndilo lenye mbegu nyingi. Ukichukulia nyumbani, fikisha kichupa maabara ndani ya saa moja, kikiwa karibu na mwili, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Dodoma haina mchezo. Mimi nilikutwa na milioni 4 kwa mililita. Mpaka wa chini katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16. Nilirudia baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Majibu yakawa yaleyale.

Katikati ya hapo duka moja la dawa lilitaka kuniuzia sindano za homoni ya kiume. Ndugu yangu, kama unatafuta mtoto, kaa nazo mbali. Homoni ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huacha kuziamrisha korodani, na hata mbegu chache ulizonazo zinaweza kwisha.

Daktari aliyenisaidia aliniambia kwamba darubini huhesabu mbegu na kutazama umbo na mwendo wake, lakini kromosomu zilizomo ndani, yaani vijiuzi vinavyobeba maagizo ya urithi, haizioni. Mwenye mbegu chini ya milioni 5, au asiye nazo kabisa, au ambaye mimba za mkewe zinatoka mfululizo, anahitaji kuhesabiwa kromosomu. Hutolewa damu tu mkononi. Seli nyeupe hukuzwa maabara kwa siku kadhaa, zikipigwa rangi ndipo kromosomu zinaonekana. Sampuli yangu ilisafirishwa nje ya mkoa na majibu yalichukua wiki kadhaa.

Nilielewa nilipofikiria doti ya khanga. Kromosomu za binadamu ni 46, doti 23, na kila mbegu hupewa kipande kimoja kutoka kila doti. Kwangu, kipande kimoja cha namba 13 kimeshonwa na kimoja cha namba 14, kwa hiyo ninazo 45. Mimi siumwi, kwa sababu hakuna cha maana kilichopotea. Shida huja wakati wa kugawa: mbegu nyingine huondoka na kile kilichoshonwa pamoja na cha 14 kilicho huru. Mimba ikitungwa na mbegu hiyo, namba 14 zinakuwa tatu, na mimba ya namna hiyo haidumu. Hakuna mzizi wa kufumua mshono huo. Hata hivyo mbegu nyingi za mtu kama mimi hugawanyika vizuri, ndiyo maana daktari hakutukatisha tamaa.

Wapo wengine ambao kasoro yao ni kromosomu X ya ziada, yaani XXY badala ya XY ya kawaida ya mwanaume, takriban mwanaume 1 kati ya 600. Wengi wao hawaonekani na mbegu kabisa kwenye kipimo. Baadhi yao mbegu hupatikana kwa upasuaji wa korodani.

Nilisafiri hadi Mpwapwa na mke wangu, nikakaa na mama ukumbini. Nikamwambia, "Mama, zile mimba ni upande wangu, na nimezaliwa hivi." Alinyamaza sana. Kisha akamwita mkwewe jikoni, na sikusikia walichozungumza.

Mshono huu hurithiwa. Mdogo wangu anaoa Desemba, na nimempa nakala ya majibu yangu aende nayo kwa daktari.